Kuku Mmoja na Sahani Kumi na Nne

Neno lililotolewa Mitwaba katika mkutano wa mwisho wa mwaka, mbele ya wanachama na wafadhili

 

Tumeombwa tuseme kidogo juu ya mama na familia yake siku hizi za Noeli. Waliotuomba walitaka, tunafikiri, kitu cha kuchekesha kidogo nyuma ya ripoti ya kasha. Sawa. Lakini kuna ulizo moja linalotembea katikati yetu tangu mkutano uliopita, na tutalijibu humo humo ndani ya kicheko. Mgeni wetu mmoja aliangalia kitabu cha kasha, akaweka kidole kwenye mstari wa Desemba, akauliza kwa adabu sana: hapa mmeandika kuku, mchele na mafuta. Desemba si mwezi wa njaa? Kwa nini franka hizi hazikungoja mbegu na masomo ya watoto?

Ni ulizo zuri. Sisi tunaotembea kijiji kwa kijiji na daftari mkononi tunaijua Desemba ya Mitwaba. Mahindi yako shambani, yanapendeza macho, lakini hakuna anayekula majani ya mahindi. Ghala la mwaka uliopita limebaki na panya. Lori kutoka Lubumbashi linapita Likasi vizuri, kisha linakutana na matope yetu, na dereva analala njiani siku nne, siku tano. Meka ya unga inapanda bei kila mara lori linapochelewa. Ni katika mwezi kama huo mama anaambiwa: mama, Noeli inakuya.

Basi tuanze na hesabu ya kuku, maana hesabu hiyo hakuna anayeifundisha mu masomo, na sisi tuliofika universite hatukuiona huko.

Nyumbani kwetu mwaka huu tulikuwa na sahani kumi na nne na kuku mmoja. Firigisi ni ya papa, hiyo haina mazungumzo. Nkambo anapewa nyama laini juu ya meno yake. Muyomba amekuja, hatukumwita lakini amekuja, na muyomba hapewi shingo. Paja moja ni la shemeji aliyeleta sukari, paja la pili limeahidiwa watoto watatu, kila mmoja kwa siri, siku tofauti, ili achote maji. Mabawa ni ya waliolia. Miguu ni ya waliochelewa. Mama hupata harufu, na harufu hiyo ameisikia tangu saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo watu wanasema ameshashiba. Mchuzi ndio unaokoa amani ya nyumba. Mchuzi unaweza kuongezwa maji mara mbili, mara tatu, na bukari haiulizi kama nyama iko wapi. Shukrani pia kwa mvua, inayotuharibia barabara lakini inatuletea bowa. Mwenye sufuria ya bowa hawezi kusema hana mboga.

Nguo ni mateso ya pili. Mtoto wa Kongo anaweza kusamehe mengi, lakini si Noeli bila nguo mpya. Mama mwenye akili anamwambia mshonaji akate kikwembe kikubwa, aache pindo refu, ili gauni la mwaka huu lifike mwaka kesho na mwaka ule mwingine. Kwa hiyo tarehe 25 kanisani utaona wasichana wanatembea kama maaskofu wadogo, wanashika gauni kwa mikono miwili wasianguke. Mwaka wa pili gauni linawatosha. Mwaka wa tatu linakuwa blauzi. Na viatu! Tunajua nyumba moja, hatutaitaja, ambako jozi moja ilienda misa mara mbili: kaka mkubwa misa ya kwanza, mdogo wake misa ya pili, na kule nje ya kanisa wakabadilishana mbio mbio kama wanamichezo. Mdogo alikuwa na karatasi ndani ya viatu. Aliimba vizuri kuliko wote.

Halafu wanafika watoto wa Lubumbashi. Hawa ni watoto wa ndugu zetu waliokimbia na bado hawajarudi, wanaletwa kwa Noeli waone nkambo. Usiku wa kwanza wanauliza taa inawashwa wapi. Wanaogopa choo cha shimo, wanataka kusindikizwa na watu wawili na tochi. Wanapanda kilima kutafuta rezo ya simu, wanarudi na mapele ya mbu na hakuna rezo. Mwaka huu mmoja alienda msituni na binamu zake, akarudi na furaha na kikapu cha bowa. Nkambo aliangalia mara moja tu, akatupa zote mbali, akanawa mikono. "Ule mutoto anataka kutuzika sisi wote paka leo!" Siku ya tatu mtoto huyo huyo alikuwa anajua bowa tatu kwa majina yake, na anakimbilia inswa na beseni kama aliyezaliwa hapa. Siku ya kurudi Lubumbashi ndipo alipolia.

Vijana mnatuuliza kwa nini wazee wanaipenda hivi sikukuu hii. Waulizeni ba nkambo hawa. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, akina Maria na Petro wakatafutiwa majina ya bankambo. Mwaka 1974 Noeli yenyewe ikaondolewa kwenye siku za kupumzika, tarehe 25 ikawa siku ya kazi kama nyingine. Nkambo mmoja alituambia walifanya kazi mchana, wakachinja jioni. Leo Maria na Petro wamerudi, Zaire imekwenda, na ukienda sokoni tarehe 24 utaona nani alishinda kati ya rais na kuku.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tusimame hapa.

Tarehe 24 jioni watoto walicheza mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Wengi wenu mlikuwepo. Mlicheka sana kwa Herode, maana hakuna mama aliyetaka mtoto wake awe askari wa Herode, na mwisho askari wote wakawa watoto wa mwalimu. Kisha ikafika sehemu ya kukimbilia Misri. Malaika akasema, Yosefu, amka, mchukue mtoto na mama yake. Katika karatasi ya mwalimu, Yosefu anaamka na kuondoka tu. Lakini huyu Yosefu wetu, mtoto wa miaka tisa, akaamka, akakunja mukeka. Akachukua jembe. Akatafuta kuku chini ya meza, akamfunga miguu, kuku wa uongo wa matambara. Akazima moto kwa mguu. Kisha akamgeukia mwenzake akasema kwa sauti ndogo: "Maria, usisahabu nyungu."

Tulicheka. Kisha tukanyamaza, mnakumbuka namna tulivyonyamaza.

Mtoto huyo hakukimbia hata siku moja. Amezaliwa huku, vita ya mwisho ya hapa hakuiona. Nani alimfundisha kuzima moto ili moshi usionekane? Ni sisi. Ni maneno ya jioni, ya kila mara, tunayosema tukifikiri watoto wamelala. Operesheni za jeshi dhidi ya Mai-Mai wa Gédéon zilianza Novemba 2005, na Noeli ya mwaka ule watu wa vijiji vyetu waliifanya chini ya majani na hema za plastiki, wengine hapa hapa Mitwaba sentre, wengine Dubie, wengine ndani ya maji ya Upemba pamoja na wavuvi. Sisi wa umri wa miaka thelathini na kitu tulikuwa watoto wa shule wakati ule. Mei 2006 Gédéon alijisalimisha hapa Mitwaba, watu wakaanza kurudi, wakajenga. Septemba 2011 akatoroka gerezani Lubumbashi, na wenye nyumba mpya wakakunja tena mukeka. Kuna banamama kati yenu waliojenga nyumba moja mara tatu mahali pale pale. Wanaujua kila mti uliotoa nguzo.

Noeli ile ya 2005 tunaikumbuka kwa kitu kimoja. Kulikuwa na unga wa msaada na maharagwe, hakuna aliyelala na njaa siku ile, tunasema kweli na tunashukuru. Lakini kila mmoja alikula kwake, kila familia na kopo lake, kwa sababu mama hakujua ahesabu sahani ngapi. Papa alikuwa wapi? Muyomba alikuwa hai? Ukiweka sahani ya mtu ambaye hujui kama yuko hai, unaweza kuila wewe mwenyewe? Tuliona mama mmoja anaweka sahani saba, anaondoa mbili, anarudisha moja.

Kwa hiyo mgeni wetu, jibu letu njo hili. Mstari ule wa kuku na mchele ndio siku tunayohesabiana. Sensa ya chama chetu haiko kwenye daftari ya shirika, ingawa daftari hiyo tunaijaza sisi wenyewe na tunaijaza vizuri. Iko pale mama anaposimama mlangoni na kusema sahani ni kumi na nne, jana zilikuwa kumi na mbili, nani amefika? Mwaka jana kijana wa mama mmoja hapa alikuja kwa Noeli tu, na begi la mgongoni, siku nne na kurudi mjini. Alikula, akazungukwa na wadogo zake, akaulizwa na nkambo shamba la papa wake atamwachia nani. Tarehe 2 Januari alikuwa bado hapa. Tarehe 10 aliazima jembe, akapanda maharagwe. Leo yuko kule nyuma, anacheka, msimwangalie sana. Semina ya kurudi vijijini tulimfanyia mara mbili kule Lubumbashi, pamoja na chai na karatasi za rangi. Hakuja.

Hatusemi kila kijana anarudi kwa mchuzi. Wengine wanakula na kuondoka, na wana haki, kazi iko huko. Na hatusemi kila franka ya Desemba ilikwenda vizuri. Ba papa fulani walidhani chupa ya Simba nayo ni mchele. Lutuku nayo hailipwi na kasha, iwe Noeli, iwe matanga. Banamama wa likelemba wameamua: fedha ya sikukuu haitatolewa tena mkononi, chama kitanunua mchele na mafuta kwa pamoja mwezi wa kumi, kabla ya barabara kuoza na bei kupanda. Hii itaacha kitu kwa mbegu. Maharagwe ya kupanda yagawiwe kabla ya katikati ya Januari, si Februari kama mara nyingine, maana maharagwe yaliyochelewa tunayajua, yanatoa majani na aibu. Na kwa masomo: shule ya msingi haina malipo tangu 2019, lakini sekondari inalipisha, na Januari wanarudisha nyumbani watoto wasiolipa. Mwenye mtoto wa sekondari aandikwe leo, asingoje arudishwe.

Kwa wafadhili tuna ombi moja. Familia zilizobaki Lubumbashi zinazotaka kurudi zinaogopa lori la mvua na watoto wadogo. Msaada wa usafiri ukija Agosti, wakati wa kiangazi, watafika kavu, watapata muda wa kukata majani ya paa na kulima kabla ya mvua ya kwanza. Ukija Desemba, tutakuwa tunavuta lori kwa kamba.

Kitabu cha kasha kiko pale mezani kwa katibu, kila mmoja anaweza kuangalia, hata mstari wa kuku. Majina ya sekondari yanaandikwa kwenye mlango wa kushoto. Na banamama wa jikoni wanatuonyesha mwiko kwa mbali, tunafikiri maana yake bukari imeiva na maneno yamekuwa mengi. Wageni, mtakula nasi. Tumewahesabu.