Ukali na Sikio: Habari za Felix Magath

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mwenzetu katika karamu ya mkutano wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya kandanda. Nimemchagua Mjerumani Felix Magath, na wale tuliocheza pamoja mtaijua sababu kabla sijaketi.

Magath alizaliwa mwaka 1953. Alikuwa kiungo hodari wa Hamburg. Tarehe 25 Mei 1983, mjini Athens, alifumua shuti la mbali kwa mguu wa kushoto, likampita Dino Zoff. Juventus ya akina Platini ikalala 1–0, na Hamburg ikatwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya.

Alipogeuka mwalimu wa timu, alisifika kwa ukali. Wachezaji walipandishwa vilima na kubebeshwa mipira mizito mpaka wakahema. Matunda yalionekana. Bayern München ilichukua ubingwa na kombe la Ujerumani mwaka 2005, ikarudia tena mwaka 2006. Mwaka 2009 aliipa Wolfsburg ubingwa wake wa kwanza. Grafite alifunga mabao 28 na Džeko 26.

Lakini ndugu zangu, tusome na ukurasa wa pili. Bayern walimwachisha kazi Januari 2007. Wolfsburg alirudi mwaka 2011, na mwaka uliofuata akaondoka timu ikiwa mkiani. Mwaka 2014 Fulham ya Uingereza ilishuka daraja mikononi mwake. Dawa ile ile, mgonjwa mwingine, haikuponya. Hata hivyo mzee hakukata tamaa: mwaka 2022 aliiokoa Hertha Berlin isishuke, kwa kuifunga Hamburg ile ile iliyomlea.

Nami nilikuwa nahodha hapa. Niliwakimbiza wadogo zangu kukizunguka kiwanja hiki jua la saa nane, na kombe tulilipata. Ila mmoja aliniambia goti linamwuma, nikamwita mvivu mbele ya wenzake. Hakucheza tena.

Ndugu huyo yuko nasi usiku huu. Mwenzangu, ulisema kweli, nami sikukusikiliza. Nakuomba radhi mbele ya hawa hawa waliocheka siku ile.

Vijana mnaofundisha timu, shikeni nidhamu, lakini msizibe masikio.