Down ya Mozaiki kwa Watu Wazima: Tusidanganywe na Asilimia



Katika kila watu 100 wenye hali ya Down, wenye mozaiki ni kama 2 tu. Baadhi yao sura haiwatambulishi, wanaongea vizuri, wengine wamesoma na kufanya kazi. Kwa hiyo wakishavuka umri wa kliniki ya watoto, hakuna anayewafuatilia tena. Mada yangu ni kupinga jambo hilo.

Seli ya kawaida ina kromosomu 46. Kwa wengi wenye Down, kila seli ina 47, maana kromosomu ya 21 imezidi moja. Mwenye mozaiki ana seli za aina zote mbili, kwa kuwa hitilafu ya kugawanyika kwa seli ilitokea baada ya mimba kutungwa. Maabara huhesabu seli chache za damu, mara nyingi 20 au 30, kisha huandika asilimia ya zile zenye 47. Familia ikiona 15 hushusha pumzi. Lakini hiyo ni hesabu ya damu. Haisemi lolote la uhakika kuhusu moyo, ubongo wala tezi ya shingo, na ngozi ya mtu huyo huyo inaweza kutoa jibu jingine kabisa. Asilimia ndogo si sababu ya kuruka kipimo hata kimoja.

Chukueni mfano wa dada wa miaka 38 anayemsaidia shangazi yake dukani. Zamani alipanga soda kwa rangi na kurudisha chenji bila kukosea. Sasa anasinzia kwenye kiti saa nne asubuhi, anavaa sweta kwenye jua, choo kigumu, akiitwa haitiki. Nyumbani wanasema amekuwa mkaidi. Jirani anasema amerogwa. Daktari aliyesoma kidogo kuhusu Down anasema ni Alzheimer imeanza.

Jamani, tusikimbilie huko. Tezi ya thairoidi iliyolegea huleta baridi, uzito na uzembe wa namna hiyo hiyo, na kidonge cha kila siku huitibu. Matundu ya masikio ya wenye Down mara nyingi ni membamba, nta hujaa na kuziba; chungulieni kwanza kabla ya kusema hasikii kwa makusudi. Muulizeni anayelala naye chumba kimoja: anakoroma? Pumzi hukatika kisha akashtuka? Hulala ameketi? Mtu ambaye usiku pumzi inamkatika hawezi kuwa macho mchana. Mtoto wa jicho huwajia mapema, na huzuni ya kufiwa na mzazi nayo humfanya mtu anyamaze miezi mingi.

Alzheimer ipo, tena huwaanza mapema kuliko watu wengine, kwa sababu jeni inayotengeneza protini inayoganda ubongoni imo kwenye kromosomu ya 21. Mwongozo wa Global Down Syndrome Foundation wa mwaka 2020 unashauri uchunguzi wake uanze miaka 40, na unatahadharisha dhidi ya kuitaja chini ya umri huo. Thairoidi ipimwe kila mwaka 1 au 2 kuanzia miaka 21, na sukari kila miaka 3 kuanzia 30, mapema zaidi kwa mwenye unene. Moyo usikilizwe hata kwa asiyezaliwa na tundu, maana vali huweza kulegea ukubwani.

Suala la uzazi tunalionea aibu. Wanawake wenye mozaiki hushika mimba, na uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye Down ni mkubwa kuliko wa kawaida. Wanahitaji ushauri nasaha na uzazi wa mpango kama mwanamke mwingine yeyote, wakielezwa wao wenyewe, si mama zao pekee.

Ombi langu kwa vituo vyenu ni dogo. Mgonjwa wa aina hii akifika angali mzima, kwenye miaka ya 30 hivi, andikeni kwenye faili yake anachoweza: anapika nini, anahesabu fedha hadi ngapi, anapanda daladala peke yake au la. Siku familia itakaposema amebadilika, muuguzi wa zamu atakuwa na cha kulinganishia.