Ndoa Peke Yake Si Kinga



Mazungumzo juu ya magonjwa ya zinaa kwa kawaida huanza kwa kuwalaumu wanawake kwamba hawana elimu. Mimi sitaanza hapo. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini watambuliwe mkoani Kagera mwaka 1983, ni vigumu kumpata mtu mzima asiyejua kuwa ugonjwa huo upo. Tatizo ni mahali tunapoitazama hatari. Mwanamke huitazama nje: kwa mgeni, kwa mlevi, kwa wanawake wa vilabuni. Ndani ya nyumba yake haitazami, au huiona akanyamaza. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Bwawa hili la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960 kwenye mto Pangani lilileta samaki, na samaki wakaleta watu kutoka mikoa mingi. Kazi ya uvuvi ina kambi zake na safari zake. Mume hulala mbali na nyumbani, na mke hubaki na imani tu. Naye mama mchuuzi wa perege, asiye na mashua wala mtaji, humtegemea mvuvi ili apate mzigo. Wote wawili wana sababu ya kuogopa, na wote wawili wana sababu ya kunyamaza.

Kwa nini wananyamaza? Mke akitaja kondomu, huulizwa: “Unanishuku mimi, au umefanya wewe?” Basi anabaki na mizani mkononi. Upande mmoja upo ugonjwa ambao huenda ukajitokeza baada ya miaka. Upande wa pili kuna kipigo leo, talaka kesho, na watoto wasio na chakula. Anayenyamaza katika hali hiyo si mjinga. Amepima, akachagua hatari iliyo mbali.

Lakini ndugu zangu, gharama ya kimya hicho ni kubwa. Kisonono na klamidia mara nyingi havionyeshi dalili kwa mwanamke, huku vikiweza kuharibu mirija yake ya uzazi. Baadaye huitwa tasa, na aliyemletea ugonjwa huoa mke mwingine. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kuwa miongoni mwa watu wa miaka 15 na zaidi, wenye virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 5.6 ya wanawake na asilimia 3.0 ya wanaume.

Hapana budi, kwa hiyo, tubadili uzito wa mizani hiyo.

Kwanza, kupima pamoja kuwe desturi ya nyumba, kisiwe kesi. Mume amsindikize mkewe mjamzito kliniki, wapimwe wote wawili virusi vya UKIMWI na kaswende. Anayekutwa na virusi akitumia dawa ipasavyo, hadi virusi visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kupima si hukumu ya kifo.

Pili, wanaume waheshimu sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaeleza wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inamtaka aliyeambukizwa amjulishe mwenzi wake. Mwanamume anayedai uaminifu wa mkewe bila kutoa wa kwake anadai kodi asiyoilipa.

Tatu, mwanamke awe na njia yake ya riziki. Kwenye fukwe za Ziwa Victoria upande wa Kenya, desturi ya mchuuzi kumlipa mvuvi kwa mwili wake huitwa jaboya. Mwaka 2011 wanawake wa Nduru, karibu na Kisumu, waliikabili kwa kumiliki mashua zao wenyewe. Hapa kwetu, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 4 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake. Vikundi vya akina mama wa bwawa hili viidai haki hiyo.

Mwanamke mwenye mtaji wake, na mume aliye tayari kupimwa naye, anaweza kuuliza swali nyumbani bila kutetemeka. Kutoa ushauri nasaha bila kujenga hali hiyo ni kumwambia mtu aogelee huku amefungwa mikono.