Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu
Mazungumzo na vijana wa Nkoroi wanaofanya kazi ya kutafuta wateja



Tumeombwa tuseme juu ya kazi ambayo vijana wengi wa hapa kwetu huanza nayo wanapomaliza shule, yaani kazi ya kuzungukia watu na kuitafutia kampuni wateja. Mmoja anabeba fomu za bima, mwingine anatangaza ploti za Kitengela, mwingine anauza taa za sola au simu za kulipa kidogo kidogo. Mara nyingi mshahara hakuna, ama upo mdogo tu, na chakula kinatoka kwenye komisheni. Mwezi ukiisha bila mteja, mwenye nyumba hataki kujua kwamba wewe ni mpole.

Na hapo ndipo penye shida. Tumeona vijana wenye bidii na wakweli wakiiacha kazi hii wiki ya pili tu. Wakiulizwa wanajibu, "Hiyo ni kazi ya watu wa mdomo, mimi si mtu wa maneno mengi." Leo tutapima kama jambo hilo ni kweli.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mtu mwenye haya anaogopa watu watamwonaje. Mtu mtulivu haogopi watu, ila kukaa nao muda mrefu humchosha, na nguvu zake humrudia akiwa peke yake. Carl Jung, daktari wa Uswisi, aliandika kitabu juu ya tabia za namna hii mwaka 1921. Haya hupungua kwa mazoezi. Utulivu nao si ugonjwa, hauhitaji dawa.

Halafu tuulize: je, wenye maneno mengi ndio wanaouza zaidi? Mwaka 2013 Adam Grant, mwalimu wa chuo kikuu huko Pennsylvania, Marekani, alitoa utafiti wake juu ya wafanyakazi 340 waliouza kwa njia ya simu. Wachangamfu sana hawakuwashinda watulivu. Waliofanya vizuri zaidi ni wale wa katikati, watu wanaojua kusema na pia kunyamaza wakasikiliza. Basi hatumwambii mpole akae kimya tu, wala hatumwambii ajigeuze kuwa mpiga debe wa matatu za Rongai. Tunamwambia asogee hatua chache kuelekea katikati.

Hata Maandiko yanatusaidia hapa. Musa alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito, lakini hakuondolewa kazini. Alipewa Haruni wa kumsaidia, na safari ikaendelea. Na Lidia wa Thiatira, mama aliyeuza nguo za zambarau, katika Matendo sura ya 16 tunamjua kwanza kwa sababu alisikiliza. Mfanyabiashara anayesikiliza si jambo geni.

Sasa tuje kwa kazi yenyewe. Mtu mpole afanyeje?

Jambo la kwanza ni kujitayarisha. Msemaji hodari anaweza kubuni maneno pale mlangoni, wewe usijaribu. Andika sentensi 3 usiku: wewe ni nani, umetoka wapi, unaomba dakika ngapi. Zisome kwa sauti mpaka zikukae. Malango mengi ya huku yameandikwa "Mbwa Kali", na anayefungua mara nyingi ni mlinzi ama kijana wa kazi. Msalimie kwa heshima kama vile ungemsalimia mwenye nyumba, maana yeye ndiye atakayekwambia mwenyewe yupo lini. Ukifika kwa mzee wa Kimaasai, usianze na fomu. Uliza habari za nyumbani, za mifugo na za mvua, kisha ungoje. Kungoja huko ni kipawa chako, kitumie.

La pili ni maswali. Badala ya kuhubiri bidhaa, uliza: "Mama, usiku mnatumia taa gani? Kwa wiki mnatumia pesa ngapi?" Ukishauliza, nyamaza. Wauzaji wengi huharibu hapa, hawawezi kuvumilia kimya, wanaanza kujijibu wenyewe. Mama huyo akipewa nafasi atakueleza shida yake, na kama bidhaa yako haimfai, utajua mapema usipoteze siku yake na yako.

La tatu ni daftari. Andika jina, siku, alichosema na lini urudi. Mtu akikwambia mtoto wake anafanya mtihani, nawe ukirudi baada ya wiki 2 umuulize habari za mtihani, atashangaa kwamba ulimsikiliza. Lakini namba ya simu iandike kwa ruhusa yake, na umweleze ni ya nini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kukataa kutafutwa kwa ajili ya biashara. Akisema basi, ni basi.

La nne ni hesabu. Tuseme umebisha malango 20, ukasikilizwa na watu 4, akanunua mmoja. Wale 19 hawakukukataa wewe. Wengine hawana pesa, wengine wanayo tayari, wengine walikuwa na haraka. Ukiweka hesabu yako mwenyewe kwa mwezi mmoja utajua unahitaji malango mangapi kwa mteja mmoja, na hapo neno "hapana" linakuwa sehemu ya kazi. Haba na haba hujaza kibaba.

La tano ni kupumzika. Baada ya malango 5 ama 6 kaa chini ya mti robo saa, unywe maji, uandike. Huo si uvivu, unajaza kisima. Na mteja akiridhika, mwombe akupeleke kwa jirani yake mmoja. Kwa mtu mpole, kujulishwa na rafiki ni bora kuliko kubisha malango 10 ya wageni. Ninyi wasichana, tembeeni wawili wawili, mwambieni mtu mahali mlipo, na msiingie ndani ya nyumba ya mtu msiyemjua. Biashara inaweza kufanyiwa langoni.

Jameni, kuna jambo zito zaidi. Simu ya kulipa kila siku hufungwa mtu akikosa kulipa. Ukimshawishi mama mboga achukue asichoweza kulipia, komisheni utaipata, lakini kesho mtakutana kwa barabara ya Magadi, ama hapa hapa kanisani. Mweleze bei yote mpaka mwisho, si ile ya kila siku peke yake. Ukiuza ploti, mshauri mnunuzi afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Ukiuza bima, uwe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, la sivyo unavunja sheria. Jina jema likipotea Nkoroi, halirudishwi na komisheni.

Na ninyi pia mjilinde. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi 3 au zaidi uwe kwa maandishi. Ukiitwa ajenti tu, omba karatasi inayoonyesha komisheni ni kiasi gani, inalipwa lini, na mteja akishindwa kulipa unakatwa au la. Anayetaka umlipe yeye kwanza ndipo akupe kazi, mwogope.

Wazazi, msimwambie mtoto mpole kwamba hataweza. Mpelekeni kwa jirani mmoja ajizoeze. Wazee wa kanisa, mkiwa mmemaliza chai leo, kaeni na kijana mmoja, mwacheni awaeleze bidhaa yake kwa dakika 5, kisha mumwambie ukweli kwa upole alipokosea.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mungu awabariki, na awape ujasiri wa kubisha lango la kwanza kesho asubuhi.