Urutubishaji wa Unga na Mlo wa Mtoto Mdogo: Mashine za Kusaga Zilizosahauliwa na Kanuni

Ndugu Mwenyekiti, waganga wakuu na maafisa lishe wa halmashauri: maana ya udumavu na ya zile siku 1,000 za mwanzo mnaijua, sitawachosha. Udumavu kwa watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania ulishuka kutoka asilimia 42 mwaka 2010 hadi 34 mwaka 2015/16, kisha 30 mwaka 2022. Waliofanikisha hilo wanastahili pongezi. Hata hivyo Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayosifika kwa mahindi, na mwaka huo wa 2022 takriban nusu ya watoto wa umri huo katika kila mmoja walikuwa wamedumaa, Iringa ikizidi hapo. Anayeamini kwamba dawa ni kuongeza mavuno atueleze kwanza jambo hilo.

Niruhusiwe kukaa kwenye unga. Kanuni za urutubishaji wa chakula, tangu mwaka 2011, zinamtaka mzalishaji wa unga wa ngano na wa mahindi auongezee virutubishi, yakiwemo madini chuma, zinki na asidi ya foliki. Kwa ngano kazi ni nyepesi, maana viwanda ni vichache na vikubwa, na mkaguzi anavijua. Lakini mahindi husagwa kwa wingi kwenye mashine za vijijini na mitaani. Mama hupeleka debe lake, likakobolewa, likasagwa, akalipa na kuondoka. Hakuna mfuko wala nembo, na wala unga haukuuzwa. Kanuni haina pa kushika. Kukoboa nako huondoa kiini na pumba, yaani kile kidogo ambacho mahindi yalikuwa nacho, na unga huohuo ndio uji wa mtoto wa miezi minane. Hoja hii tumeileta vikao vingi. Huandikwa kwenye muhtasari, kisha kikao kinachofuata tunaisoma tena chini ya yatokanayo.

Wapo wanaotaka tuelimishe watu warudi kwenye dona. Ni ushauri mzuri, ila dona haikai muda mrefu kama sembe, na wengi bado wanaiona chakula cha bwenini. Wengine wanahofia gharama ya kurutubisha kwa mwenye mashine. Ni kweli itamwumiza akiachiwa peke yake. Hoja nzito zaidi ni kwamba urutubishaji hauondoi udumavu. Nakubali: unasaidia zaidi dhidi ya upungufu wa damu na watoto kuzaliwa na mgongo wazi, ilhali kuzuia udumavu kunadai pia maziwa ya mama, dagaa, mayai, maharage, maji safi na mama mwenye nafasi ya kumlisha mwanawe. Hilo linatupunguzia matarajio, halitupunguzii wajibu.

Napendekeza, kwa heshima, kanuni zitaje huduma ya kusaga, si unga unaouzwa tu. Halmashauri, ambazo zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, zitoe fedha hizo robo ya kwanza, si Juni vitabu vinapofungwa. Sehemu yake inunulie mashine ndogo virutubishi na vifaa vya kuvipimia. Afisa biashara ahusishwe, kwa kuwa leseni anatoa yeye. Kliniki ziendelee kufundisha uji wa mchanganyiko na dona. Narudia la fedha: bajeti iliyopitishwa isipotolewa haimlishi mtoto. Na safari hii naomba azimio liandikwe pamoja na tarehe ya mwisho na ofisi itakayoulizwa.