KUTAMBUA MARADHI YA TUMBO MAPEMA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee wa Kiuu katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja hadharani, nalo ni kuhara. Haya hiyo yatugharimu sana. Chama chetu huchanga fedha za mazishi kwa moyo mweupe, wala hatuilaumu desturi hiyo. Lakini twasema kwamba nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitalini mapema ni ndogo kuliko bei ya jeneza. Kusudi letu si kuwageuza wanachama kuwa madaktari. Twataka tu kila nyumba ijue ni ugonjwa upi wa kutunzwa nyumbani, na upi usiopaswa kungojewa hata usiku mmoja.

Yafaa tuelewe kwanza kwamba kuhara si ugonjwa mmoja. Ni dalili ya magonjwa mengi, na daktari huyatenganisha kwa kuuliza maswali matatu: Choo kikoje? Kulianza lini? Ni nani mwingine aliyekula chakula kile au kunywa maji yale? Anayempeleka mgonjwa akiwa na majibu hayo tayari, amekwisha kumfanyia daktari nusu ya kazi.

Tuchukue swali la kwanza. Choo cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, kitokacho kwa wingi bila maumivu makali, hutufanya tushuku kipindupindu. Ugonjwa huu waweza kumwua mtu mzima mwenye nguvu kwa muda wa saa chache, kwa sababu maji yote ya mwili humtoka. Lakini akitibiwa upesi, katika wagonjwa mia hafi hata mmoja. Choo chenye damu ni jambo jingine: huonyesha kwamba utumbo wenyewe umeshambuliwa, na dawa yake huchaguliwa na mganga. Kuhara maji kwa kawaida hakuhitaji vidonge vya kuua vijidudu, basi tusivinunue dukani kwa kubahatisha.

Swali la pili ni la wakati. Watu wakitapika kati ya saa moja na sita baada ya mlo, mara nyingi wamedhuriwa na sumu iliyokwisha kutengenezwa na vijidudu ndani ya chakula kilicholala mahali pa joto. Na kukipasha moto tena hakuiondoi sumu hiyo. Homa ya matumbo, kwa upande wake, huchukua wiki moja hadi tatu kujitokeza, na dalili yake kubwa ni homa isiyokoma. Hapa twatoa onyo. Kipimo cha damu kiitwacho Widal chaweza kuonyesha alama za ugonjwa uliopita zamani, kwa hiyo si kila aliyeambiwa ana homa ya matumbo anayo kweli. Kipimo cha kuotesha vijidudu kutoka katika damu huaminika zaidi.

Swali la tatu ndilo linalowahusu wazee hasa, kwa kuwa ninyi ndinyi wenye sherehe. Mwezi wa Oktoba 2022, kipindupindu kilitambuliwa katika kaunti yetu hii ya Kiambu miongoni mwa watu waliohudhuria arusi. Kutoka hapo kilienea katika kaunti nyingine nyingi, na watu wapatao 200 walikufa nchini. Pia mwaka 2004, Thika ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopatikana na wagonjwa wa sumu ya kuvu ya mahindi, iitwayo aflatoksini. Katika mikoa ya Mashariki na Kati walihesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Dalili zao zilikuwa macho ya manjano na tumbo kuuma na kuvimba, kwa kuwa sumu hiyo huharibu ini. Kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyoingia unyevu na kuota kuvu hayafai ugali wala chakula cha mifugo.

Mtoto ahitaji jicho kali zaidi. Macho yakiingia ndani, akilia bila machozi, ngozi ya tumbo ikifinywa ikarudi polepole, au akilegea asiweze kunywa, apelekwe hospitali ya Ruiru au ya Thika mara moja. Njiani anyweshwe kidogo kidogo, kama aweza kunywa, maji ya chumvi na sukari yatolewayo zahanati. Yasipopatikana, lita moja ya maji yaliyochemshwa itiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Anyonyaye asiachishwe. Madini ya zinki, ambayo mtoto hupewa kwa siku 10 hadi 14, hufupisha ugonjwa.

Sasa twafika penye uzito. Kuna kuhara kusikokoma, kunakopita mwezi mzima huku mtu akikonda. Majirani hunong'ona juu ya kurogwa, na jamaa humficha chumbani. Huenda kinga ya mwili imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI, na maradhi nyemelezi yamepata nafasi. Kijidudu kimoja, kriptosporidiamu, humtoka mtu mwenye afya baada ya wiki chache, lakini asiye na kinga chaweza kumdhoofisha hadi kufa. Dawa ya klorini ya majini haikiui vizuri. Maji yachemshwe hadi yatokote. Mtu huyo akipimwa na kuanza dawa za kupunguza makali, kinga yake huweza kurudi, na kuhara kukakoma. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo, wazee wetu, twaomba mambo mawili. Panapo arusi au matanga, pawe na maji ya kunawa na sabuni, na chakula kiliwe kingali moto. Na mkisikia kwamba fulani hajaonekana nje mwezi mzima, mwendeeni, mkamwulize kwa upole yale maswali matatu, kisha mumsindikize hospitali. Neno la mzee hufungua mlango ambao daktari hawezi kuufungua.