Chama chako kinasema nini juu ya zile meza za bandarini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Baraka

Sitakawia, juu najua kuna motari hapa ambao jioni bosi anangojea pesa yake.

Mimi niko na lisansi ya uchumi. Kazi sina. Ninachofanya ni kumwandikia mama mdogo daftari lake la biashara. Anapeleka mafuta ya mawese Kigoma, anarudi na sabuni na vyombo vya plastiki. Ile lisansi yangu ililipwa na yale mafuta, bido kwa bido. Kwa hiyo nikisema duwane, sisemi kitu cha kitabuni.

Juzi nilimsindikiza. Tuliporudi upande wetu, kwenye bandari moja ambayo sitaitaja, nilihesabu meza. Zilikuwa saba. Kila meza na mtu wake, kila mtu na bei yake. Kitansi tulipewa mbili tu. Kwenye meza ya tano nikauliza: hii ni taksi gani? Akanijibu: "Wewe mwanafunzi, nyamaza." Masomo nilimaliza zamani, lakini nikanyamaza. Mama mdogo akalipa. Mpaka leo inaniuma.

Sasa tuangalie vyama. Tarehe 8 Aprili 2022 Rais Tshisekedi, wa UDPS, alisaini kule Nairobi mkataba wa kuingiza Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tukaambiwa soko limefunguka. Aliomba pia Jumuiya iunde chombo kipya cha madini na nishati, makao yake yawe Kinshasa. Mwisho wa ule mwaka jeshi la Jumuiya likaja, Desemba 2023 likaondoka. Hapo wengi wetu tulifunga faili: jeshi halikuleta amani, basi Jumuiya yote ni uongo. Na wako wanaosema tutoke kabisa, juu Rwanda iko ndani. Hasira yao naielewa. Tangu Bukavu ianguke Februari 2025, nani hapa hana hasira? Lakini anayesema tutoke amelisahau ziwa.

Sikilizeni hii vizuri. Kongo iko pia ndani ya COMESA, na COMESA iko na utaratibu mwepesi kwa wachuuzi wadogo: karatasi rahisi, na bidhaa zilizo kwenye orodha hazilipi ushuru wa kuingia. Anayefanya biashara na Rwanda au Burundi unaweza kumsaidia. Lakini Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000! Kwa mama wa Baraka anayetoka Kigoma, ule mlango umefungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iko na utaratibu wa namna hiyo, kwa mzigo usiopita dola 2000, bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi wanachama. Uko kwenye karatasi. Bandarini kwetu mimi sijauona.

Hata hivyo, umoja wa forodha siusifu kama dawa. Maana yake nchi zote zinatoza ushuru mmoja kwa kitu kinachotoka nje, tuseme China. Kwa Jumuiya ngazi ni asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 iko ya 35, na ndani yake ziko nguo na fanicha. Tarifa yetu ya Kongo inaishia 20. Siku tutakapoingia kabisa, nguo ya China inaweza kupanda bei hapa sokoni. Kiwanda cha Dar es Salaam kitafurahi. Sisi kiwanda chetu kiko wapi? Chama kinachopiga kelele ya Jumuiya kituambie na hilo.

Lakini daftari la mama mdogo linasema kitu kingine. Ushuru wenyewe, ule wa sheria, ni sehemu ndogo ya anachotoa. Zinazommaliza ni meza. Na kwa meza hatuhitaji Nairobi wala Arusha. Iko dekreti namba 036 ya tarehe 28 Machi 2002, inayosema huduma gani zina haki ya kufanya kazi mipakani: duwane, OCC, DGM na usafi wa mipaka. Nne. Mimi nilihesabu saba. PPRD ilitawala na hii dekreti, UDPS inatawala nayo, na meza zinazaana tu.

Ndiyo maana tumeandika barua kwa kila chama kitakachotaka kura za Fizi mwaka 2028, chenye kupenda Jumuiya na chenye kuikataa, sawasawa. Tunauliza meza zipi zitaondoka na nani ataziondoa, bei za halali zitabandikwa lini ukutani kwa Kiswahili, na ule utaratibu wa dola 2000 utafika ziwani mwaka gani. Asiyejibu, tutasoma jina la chama chake hapa hapa, mbele ya watu.

Barua iko pale mlangoni, kalamu iko. Uisome kwanza ndipo usaini, na mwenye bibi au mama asiyejua kusoma amsomee nyumbani.

Mama mdogo anavuka tena Jumatano. Naenda naye, nakala ya dekreti iko mfukoni. Natafuta watu wawili wa kuhesabu meza pamoja na mimi, na safari hii kwenye ile meza ya tano nitauliza tena.